Tofali Moja, Wakubwa Watatu

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kugombana na majirani kama sisi, masika yalikaribia na bondeni hapakuwa na nyumba hata moja imara. Mwaka uliotangulia, mafuriko yalimchukua mtoto mmoja wa Nguchiro. Alibakiwa na wanne, na aliapa hawatalala tena majini.

Ikakubaliwa ijengwe nyumba ya wote. Wakubwa wakagawana vyeo: Tembo mkuu, Kiboko msimamizi, Nyati mkaguzi. Na kazi yenyewe? Hiyo wakapewa Nguchiro na fuko sita.

Sheria ilikuwa hivi: tofali lisiwekwe ukutani mpaka Nyati alinuse, Kiboko aligonge, Tembo aitikie kwa kichwa. Sasa Nyati yuko malishoni, Kiboko anaoga mtoni, Tembo amelala, koroo, koroo. Wakifika, udongo umeshakauka, inabidi ukandwe upya.

"Hawa fuko wavivu," Kiboko akanguruma. "Siku saba, ukuta haujanifika magotini."

"Tuongeze wakaguzi," akasema Nyati.

Hasira zilimkaba Nguchiro, lakini akainama kwa adabu.

"Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba. Sema."

"Tunawaonea haya. Wakubwa kama ninyi kunusa tofali vumbini? Mkubwa huangalia nyumba nzima, tena kutoka juu. Pandeni kile kilima. Mkiona kasoro, pazeni sauti tu."

Tembo akatanua masikio kwa raha. Wakapanda, tii, tii, tii. Kule juu wakaanza kubishana nani asimame mbele, na ubishi ukala siku nne.

Huku chini, pa, pa, pa! Udongo ungali mbichi, tofali juu yake, na jingine tena. Siku ya nne wakaezeka paa.

"Mnaona?" Tembo akajisifu kilimani. "Tukisimamia vizuri, kazi inakwenda."

Mvua ikashuka, shwaa! Watoto wanne wa Nguchiro wakaingia ndani wakavu, na fuko nyuma yao. Wakubwa wakateremka mbio. Mlangoni, hata pua ya Nyati haikupita. Tembo akasukuma kwa bega, ukuta haukutikisika.

"Nguchiro, mbona mlango mdogo hivi?"

"Nilihitaji mtu wa kumpima, mzee," Nguchiro akajibu kutoka ndani. "Nikapima aliyekuwa karibu."

Wakabaki nje wakilowa, wakiulizana nani alaumiwe. Basi, wanangu, anayewachelewesha wajenzi kwa cheo chake asishangae nyumba ikiisha bila nafasi yake.