Maneno Yaliyofukuzwa Mjini

Hapo zamani, walipokuwapo wao na sisi hatupo, palikuwa na Sultani aitwaye Muhidini, aliyeamuru iandikwe kamusi ya maneno yote ya mji wake. Waandishi walipomletea kazi akakuta pameandikwa "njia", na ubavuni mwake "ndia". Pameandikwa "njaa", na ubavuni mwake "ndaa". Akaghadhibika mno. "Sultani ni mmoja, na neno liwe moja! Atakayetamka haya ya ubavuni, gerezani."

Basi siku ile ile Mwana Esha, muuza uji, akapita sokoni na chungu cha moto kichwani akipiga kelele, "Ndia! Ndia!" kama wafanyavyo wachukuzi wote ili watu wapishe wasiungue. Askari wakamkamata, uji ukamwagika, naye akafungwa.

Mumewe alikuwa Famau, fukara asiye na mbele wala nyuma, na mji mzima ulimhesabu mpumbavu. Nyumba ikamwia pana bila mkewe, akalia asione haya. Kulipokucha akaenda barazani kumwombea.

"Wamtaka mkeo?" akasema Sultani. "Basi nitolee mjini maneno yote ya ubavuni kabla jua halijachwa. Ukishindwa, utamfuata huko huko."

"Nimesikia na nimetii, Bwana wangu. Nipe askari, unipe na lango."

Akapewa. Famau akasimama langoni, na kila aliyeletwa alionyeshwa barabara akaulizwa, "Hii nini?" Aliyejibu "ndia" akatolewa nje pamoja na neno lake. Wakatoka wachota maji, wakatoka wapishi wa jumbani, akatoka na mwadhini. Ikawa adhuhuri imepita na Sultani hana chakula, hana maji, wala hana wa kumpepea. Alipouliza kulikoni, akaambiwa kwamba hata mama yake, Bi Mkubwa, yuko langoni na kifurushi chake.

Akatoka mbio, kilemba mkononi. "Ewe Famau! Nilikuambia utoe maneno, sikukuambia utoe watu!"

"Bwana wangu, nimeyatafuta yakiwa peke yake sikuyaona. Kila nililolikuta lilikuwa kinywani mwa mtu, na kukata ndimi sikuamriwa."

Sultani akamshika mama yake mkono, na sauti ikamtoka kama ya mtoto. "Mama, usende zako. Tangu asubuhi sijala. Nina ndaa."

Famau akainama kwa adabu zote, akalifungua lango likawa wazi kabisa.

"Tafadhali, Bwana wangu," akasema. "Wenzako wako nje wanakungoja."

Bi Mkubwa ndiye aliyeanza kucheka, kisha Sultani naye, ingawa uso ulikuwa umemwiva kwa haya. Akaamuru watu warudi makwao, kamusi iachwe kama ilivyoandikwa, na Mwana Esha afunguliwe apewe chungu kipya.

Kesho yake Mwana Esha akapita sokoni na uji wake. "Ndia! Ndia!" Watu wakapisha, na wa kwanza kupisha alikuwa Sultani.