Kirumbizi cha Ushindi wa Mtondoni

Hapo zamani, siwa, baragumu la kifalme, ilipokuwa ikipulizwa kwa amri na watu wakinyamaza kwa amri, palikuwa na mji uitwao Mtondoni, nao ulitawaliwa na Sultani Fakihi. Sultani huyu alikuwa na vita na mji wa Mwanamtama. Sababu ya vita hivyo hakuna aliyeikumbuka sawasawa. Wengine walisema ni bonde la chumvi lililo baina ya miji miwili, wengine walisema ni salamu iliyotolewa isijibiwe. Lakini vijana wa Mtondoni walichukuliwa wote, kila aliyeota ndevu na kila aliyekaribia kuota, wakapiga kambi upande huu wa bonde, na vijana wa Mwanamtama wakapiga kambi upande wa pili. Ikawa kila siku wanatazamana, na mara kwa mara mshale unaruka, na mama mmoja wa huku au wa kule anavaa kaniki ya msiba.

Basi miaka ikapita hivyo. Mjini nazi zikakaukia juu kwa kukosa wa kuzikwea, adhana ikasomwa na wazee wenye kikohozi, na wasichana wakasukana nywele pasipo wa kuwatazama.

Kijana mmoja tu alisalia, jina lake Shekuwe, mpiga zumari, naye hakusalia kwa upendeleo. Alipelekwa kambini kama wenzake, na siku ya kwanza akaambiwa alinde kisima, asimwache mtu yeyote kukikaribia. Basi Shekuwe akakilinda. Akawafukuza wapishi, akawafukuza wapagazi, na jemadari mwenyewe alipokuja ulimi umemkauka, akamwelekezea mkuki kifuani, akamwambia, "Yeyote, bwana, ni yeyote." Kufika alasiri jeshi zima lilikuwa limelala kivulini likihema, na jemadari akaapa kwamba punguani huyu atawamaliza kabla ya adui. Akamrudisha mjini. Na kwa kuwa hapana harusi pasipo mabwana harusi, zumari yake ikakaa bila kazi, naye akakaa bila chakula.

Alikuwa akiishi na dada yake mdogo, Somoe. Huyu Somoe aliolewa na kijana mfua shaba aitwaye Maawia, na siku ya tatu ya fungate askari wakaja wakamtoa Maawia chumbani, udi ungali unafuka kwenye chetezo. Tangu siku ile Somoe hakuwa na neno laini kwa mtu.

"Kaka," alikuwa akimwambia Shekuwe, "wewe walikurudisha kwa upumbavu. Huyu wangu mbona hukumfundisha kabla hajaenda?"

"Ni kipaji, mdogo wangu. Hakifundishiki."

Ikawa mwaka ule Sultani Fakihi akachoka kuulizwa na wageni wake vita vimefikia wapi. Kushinda hakuweza, na kushindwa hakutaka, basi akachagua njia nyepesi. Akaamuru ipigwe mbiu mjini na kambini: "Vita vimekwisha! Tumeshinda! Na mtu yeyote atakayesema kwamba kuna vita, mkubwa kwa mdogo, atafungwa ngomeni!" Lakini jeshi hakulirudisha, maana alichelea kuwa wa kwanza kuondoka bondeni.

Somoe akamshika mpiga mbiu kwa kanzu. "Ikiwa vimekwisha, mume wangu yuko wapi?"

Mpiga mbiu akatazama huku na huku. "Mwanangu, mimi hupewa maneno. Majibu sipewi."

Haukupita muda, ikaja habari kwamba balozi wa mfalme wa ng'ambo yumo safarini, anakuja kumpongeza Sultani kwa ushindi wake. Sultani akafurahi mno. Akamwita Waziri Mwinyimbegu akamwambia, "Mgeni huyu nataka achezewe kirumbizi."

Na kirumbizi ni mchezo wa fimbo. Watu hufanya duara, zumari na ngoma zikilia, wawili wawili huingia kati wakapigana kwa fimbo kwa maringo na madaha, na anayeguswa hutoka akicheka, kama hakuumia sana. Nao hauchezwi na wazee.

Waziri akasema, "Seyyid, vijana wetu wako..."

"Wako wapi?" akauliza Sultani, macho yakimtoka.

Waziri akaikumbuka ngome, jinsi ilivyo na kunguni. "Wako salama, seyyid. Ila mambo ya ngoma anayajua mpiga zumari. Aitwe Shekuwe."

Basi Shekuwe akaletwa, miguu mitupu, akasujudu hadi paji la uso likagusa zulia.

"Ewe Shekuwe," akanena Sultani, "siku ya Ijumaa baada ya swala, nataka uwanja wangu ujae vijana wa Mtondoni wakicheza kirumbizi cha ushindi. Na kichezwe kwa ada yake yote."

"Ada yake, bwana wangu, ni kuwa na wapinzani. Mtaa mmoja haujichezei peke yake, na kwa mgeni mkubwa hualikwa watu wa mji mwingine."

"Basi waalike watu wa mji mwingine! Mimi nikufundishe kazi yako?"

"La, bwana wangu. Mji gani?"

"Wowote ulio karibu!" akafoka Sultani, kwa maana mshona kanzu alikuwa akimngoja na uzi mdomoni. "Ijumaa isipokuwa hivyo, kichwa chako nitakitundika langoni."

Waziri akainamisha macho, kwa kuwa alijua kwamba kijana huyu ametakiwa kuleta kisichokuwapo, na kusema kwamba hakipo ni kosa. Lakini Shekuwe hakutetemeka. Alisema tu, "Bwana wangu, mimi na sura hii watu hawatanifuata. Nipe siwa niipulize, wajue kwamba neno ni lako."

Na siwa ile ya shaba haikupulizwa ila kwa neno la Sultani. Naye akiwa amekwisha kuinua mikono apimwe kanzu, akasema, "Mpeni, mpeni, aende zake."

Somoe alipomwona kaka yake anatoka mjini na siwa begani, akapiga kofi kwa mshangao. "Wewe! Umeiba?"

"Nimepewa. Nakwenda kuwaita wacheza kirumbizi."

Somoe akaitazama siwa, akaelewa, na uso wake ukabadilika. "Kaka, wakikuua je?"

"Basi utapata kitanda changu," akasema Shekuwe, akaenda zake.

Alipofika bondeni akaipuliza siwa, kambi zote mbili zikaamka kwa kishindo. Jemadari Ruwehi akatoka hemani na kiatu kimoja.

"Lahaula! Ni wewe tena? Umekuja kulinda kisima?"

"Visima nimeviacha, bwana jemadari. Sultani anawataka vijana mjini wacheze kirumbizi cha ushindi. Uwanja ujae, ndivyo alivyosema."

"Na vita je?"

Shekuwe akamtazama kwa huruma. "Vita gani, bwana jemadari?"

Jemadari akafumbua kinywa. Na vijana wote walikuwa wamekwisha kumzunguka, wanamtazama kwa nyuso za upole, kwa kuwa ni yeye mwenyewe aliyewasomea ile mbiu. Maawia mfua shaba akasema kwa adabu, "Sema, bwana jemadari. Tunakusikiliza."

Jemadari akafumba kinywa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Haya, kateni fimbo."

Vifijo vikalipuka. Lakini Shekuwe alikuwa hajamaliza. Akatia zumari mdomoni, akaanza kushuka bondeni peke yake akipiga wimbo wa kumtoa bibi harusi, akavuka chumvi nyeupe yote mbele ya pinde zilizovutwa, hata akafika upande wa pili.

"Simama!" akapiga kelele kijana mmoja mrefu, jina lake Chande. "Unataka nini?"

"Natafuta wapinzani."

"Wapinzani? Si sisi hapa! Mwaka wa tatu tuko hapa!"

"Wa fimbo, bwana, si wa panga. Kuna kirumbizi Mtondoni, Ijumaa. Tunasherehekea ushindi."

Chande akashangaa. "Mmeshinda ninyi? Hata sisi tumeshinda. Sultani wetu alitangaza tangu Rajabu."

"Basi hongereni."

"Nanyi hongereni," akasema Chande, akakuna kichwa.

"Na amiri wenu yuko wapi nimpe salamu?"

"Amekwenda mjini kula karamu ya ushindi. Sisi tumeachwa hapa tulinde."

"Mlinde nini?"

Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa ameambiwa. Kisha mmoja wa nyuma akauliza, "Huko Mtondoni kutapikwa?"

"Pilau, na mbuzi wa kukaanga."

Pinde zikalegea. Lakini kijana mwingine, mfupi, uso ameukaza, akasogea mbele akasema, "Mimi ndugu yangu alikufa hapa hapa kwa mshale wenu. Niende nikacheze na watu hao?"

Shekuwe, mtu aliyekuwa na jibu kwa kila jambo, akaona aibu kubuni la jambo hili. Ndipo Maawia, aliyekuwa amemfuata nyuma bila silaha, akasema, "Na binamu yangu alikufa kwa wenu. Tulimzika pale penye mkwaju. Mimi nimechoka, ndugu yangu. Wewe hujachoka?"

Yule mfupi akamtazama sana. Kisha akaivua podo ya mishale begani, akaiweka chini.

Na kwa kuwa ada ya kirumbizi ni kutoingia uwanjani na chuma, vijana wa pande zote mbili wakatupa panga na mikuki kati ya bonde, wakaviacha juu ya chumvi, na chumvi ikaanza kufanya kazi yake.

Siku ya Ijumaa Sultani Fakihi akaketi barazani katika kanzu mpya, balozi kuumeni kwake, Waziri kushotoni akitokwa jasho. Mara siwa ikalia nje ya lango, kisha zumari, kisha nyimbo, na lango likamwaga vijana kama mtama kutoka guniani. Wazee wakasimama. Kina mama wakapiga vigelegele, na wengine wakalia kwa sauti, kwa kuwa kila mmoja alikuwa anatafuta uso mmoja. Somoe alikuwa juu ya paa, kanga mdomoni. Alipomwona Maawia hakupiga kigelegele. Alipiga kelele, "Umekonda hivyo!" kisha akashuka ngazi mbili mbili.

Duara likafanywa, fimbo zikaanza kugongana. Sultani akamwashiria Shekuwe asogee, akamnong'oneza, "Jeshi langu linafanya nini hapa?"

"Linacheza, bwana wangu. Ulitaka vijana wa Mtondoni, na vijana wa Mtondoni ni hawa."

"Na hao wengine ni kina nani?"

"Wapinzani, bwana wangu. Mji ulio karibu ni Mwanamtama."

Sultani akageuka rangi. "Punguani wee! Umeniletea maadui uani kwangu?"

"Maadui wa vita gani, bwana wangu?"

Sultani akavuta pumzi ajibu. Waziri akakohoa. Kadhi, aliyeketi nyuma yao, akainua kichwa kusikiliza, maana mbiu ilisema mkubwa kwa mdogo. Sultani akaitoa ile pumzi taratibu.

"Na bondeni," akanong'ona tena, "nani amebaki analinda?"

"Analinda dhidi ya nani, bwana wangu?"

Hapo balozi wa ng'ambo, aliyekuwa akipiga makofi kwa furaha, akainama kwa Sultani akasema, "Sijapata kuona mchezo mzuri kama huu! Niambie, vijana wako ni wepi na wageni ni wepi, nijue nimshangilie nani?"

Sultani akatazama uwanjani. Walikuwa wamevua vizibao kwa joto, wamejifunga shuka viunoni, vumbi limewapaka wote rangi moja. Mmoja mrefu aliguswa bega akaanguka kwa vicheko, na aliyemgusa akampa mkono wa kumwinua. Yule mfupi wa Mwanamtama alikuwa akikimbizwa na mwingine kuzunguka duara, na watu wakimzomea na kumshangilia kwa pamoja. Sultani akatazama, akakunja macho, akatazama tena. Aliwapeleka bondeni watoto, na watoto wamekua bila yeye kuwaona. Hakumtambua hata mmoja.

"Balozi," akasema mwishowe, "mimi mwenyewe siwajui."

Akaisikia kauli yake, na kitu kikamtekenya kooni. Akajaribu kukimeza akashindwa. Akacheka kidogo, kisha akacheka sana, hata akashika nguzo ya baraza na machozi yakamtoka, na hakuna aliyejua kama yote yalikuwa ya kicheko. Balozi akacheka kwa heshima. Waziri akacheka kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kingali shingoni.

"Ewe Shekuwe," akasema Sultani alipopata pumzi, "umenifunga kwa kamba yangu. Omba utakacho kabla sijakasirika."

Shekuwe akasujudu. "Bwana wangu, mimi sitaki kitu, ila nimeulizwa na hawa vijana, wa huku na wa kule, swali nisilolijua jibu lake. Wanataka kujua wakimaliza kula waende wapi."

Fimbo zilikuwa zikigongana chini, to, to, to. Sultani Fakihi akatazama mikono yake, akatazama kina mama walioacha kula wakimtazama yeye.

"Waambie waende makwao."

"Wote, bwana wangu?"

"Wote. Na wa kule wapewe mbuzi wa njiani. Na wewe utakaa hapa barazani kwangu, ule na mimi, uniulize maswali kila Ijumaa, maana naona sijaulizwa siku nyingi."

Basi Shekuwe akateremka uwanjani kuwapa habari, akaanza na shemeji yake. Akamtafuta kwenye duara asimwone, akamtafuta kwenye masufuria asimwone. Akamwuliza Chande, na Chande, pilau imemjaa mdomoni, akaelekeza kwa kidole mtaani. Shekuwe akaenda hadi nyumbani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Akabisha.

"Nani?" ikauliza sauti ya Somoe.

"Ni kaka yako. Sultani amesema Maawia anaweza kurudi nyumbani."

"Mwambie tumesikia," akasema Somoe, na mlango haukufunguliwa.