Fisi Alivyoliingiza Jua Pichani

— Jamani wa hapa!
— Tupo hapa!
— Nimekuja na mzigo.
— Tua tuuone!
— Mzigo wenyewe uongo.
— Uongo mtamu, tua!

Haya, natua. Na wewe unayetafuna mihogo pale nyuma, tafuna polepole. Sirudii neno mimi.

Zamani, wakati kupigwa picha lilikuwa jambo la kuoga kwanza, mji wa wanyama ulikuwa na studio moja. Chumba kimoja tu, pazia lililochorwa ndege ya abiria ikipaa, na kiti chenye mto mwekundu. Ukishapigwa, unangoja. Unangoja filamu iishe, unangoja isafishwe, unangoja picha ikauke kwenye kamba kama nepi ya mtoto. Siku ya kuichukua mnakwenda nyumba nzima. Na ilishikwa pembeni, kwa ncha za vidole, asije mtu akaiachia alama ya mafuta. Ah, siku zile!

Mwenye studio alikuwa Sange, yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu kama mrija. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kuharibu filamu, na kila alipoharibu alijitukana mwenyewe, tena kwa sauti.

Jirani yake alikuwa Bi Kobe, mjane, na paka wake Kashata. Paka wa rangi ya majivu, sikio moja jeupe. Mchana Kashata alilala juu ya gamba la bibi yake, jioni akashuka kudai samaki. Nyumba ile haikuwa na sauti nyingine.

Siku moja Kashata akafukuza kipepeo, kipepeo akaingia uwanjani kwa Fisi, Kashata naye akaingia. Fisi, nyaka!

"Aliyeingia kwangu ni wangu," akasema. "Ijumaa namla na ugali."

Bi Kobe akaenda, tii, tii, tii, mpaka barazani kwa Mzee Tembo, mkuu wa mji. Tembo akamchukua Kashata akakaa naye, akasema, "Itafuatwa desturi."

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Wawili wakigombania mnyama, kila mmoja hupigwa picha moja na mnyama huyo, apendavyo yeye. Picha hutundikwa barazani, wapita njia wakaulizwa, "Unamwona nani hapa?" Picha ambayo ndani yake mnyama atatajwa jina, mwenye picha hiyo ndiye mwenye mnyama. Kwa nini? Kwa sababu aliyemfuga mnyama anajua namna ya kumtazama. Na mpiga picha hatoi ushauri mpaka aombwe.

Basi Fisi akawa wa kwanza. Jioni, uwanjani kwake, watu wamejaa kutazama. Sange akaja na kamera yake shingoni, karibu imwangushe.

"Bwana Fisi, shikamoo. Unahitaji ushauri?"

"Ushauri? Kutoka kwako, wewe mrija? Hihihi! Piga kama nitakavyo!"

"Sawa bwana," akasema Sange. Akatazama kwenye kamera. Akaona Fisi amekaa, Kashata mapajani. Picha nzuri hasa! Kwa picha hiyo kila mpita njia angemtaja Kashata. Akainua kichwa, akauliza taratibu:

"Na baiskeli yako, bwana mkubwa, itaachwa nje?"

Fisi akaitazama baiskeli. Baiskeli mpya, kengele yake kring! "Iachwe kwa nini? Iingie!"

Baiskeli ikaingia. Sange akarudi nyuma hatua kadhaa ipate kuenea.

"Na redio yako, bwana mkubwa?"

"Iingie!"

Redio ikaingia. Sange akarudi nyuma.

"Na kitanda chako cha chuma, bwana mkubwa?"

Semeni nanyi!

— Kiingie!

Kitanda kikaingia. Na rundo la mifupa likaingia. Na nyumba yenyewe, pamoja na bati lake jipya, ikaingia. Sange akarudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka mgongo ukagota kwenye ua wa jirani. Kashata kule mapajani akawa kama tonge lililodondoka.

"Umemaliza?" Fisi akafoka.

"Nimemaliza, bwana mkubwa. Ila lile jua linalozama upande wa pili... ukikaa hivi linanipiga mimi mgongoni, wewe linakuangaza usoni tu. Lenyewe halitaonekana pichani. Sijui ni la nani?"

Fisi akaruka. "La nani? Linazama kwenye shamba langu! Ni langu! Liingie!"

Wakageuza kila kitu: baiskeli, redio, kitanda, mifupa. Wakakipanga upya upande wa shamba, jua likawa nyuma yao, linaichoma kamera jichoni. Ndani ya kamera Sange akaona weusi mtupu.

"Tulia sasa, bwana mkubwa."

Lakini mifupa ilikuwa karibu, na Fisi ni Fisi. Akaokota mmoja. Kwachu, kwachu, kichwa kinakwenda huku na huku, mapaja yanatikisika, na Kashata juu yake anatikisika.

Sange akabonyeza. Kacha!

Asubuhi ikawa zamu ya Bi Kobe. Alikuwa hakulala. Alikuja studio na utepe wa waridi, akamfunga Kashata shingoni, akamweka kwenye kiti mbele ya lile pazia la ndege.

"Mjukuu wangu, hapo je? Nakuomba ushauri, niambie kweli."

"Kweli? Vibaya!" Sange akawaka. "Ndege ya nini, Bibi? Unataka watu wamtaje paka au rubani? Na huo utepe, umemwona lini Kashata na utepe? Toa!"

Bi Kobe akatoa.

"Anapenda kukaa wapi?"

"Hapa, mgongoni kwangu. Mlangoni, penye ubaridi."

"Basi twende mlangoni."

Wakaenda mlangoni, si nje juani, hapo ndani kidogo, mwanga unapoingia kwa ubavu na kulala juu ya manyoya. Upande wenye kivuli Sange akatundika shuka nyeupe, nuru ikarudi kidogo shavuni mwa paka. Ndoo iliyokuwa nyuma ya kichwa akaipiga teke, pa! Ufagio nao akautupa nje. Ukabaki ukuta mtupu.

Kisha akalala kifudifudi mpaka macho yake yakawa sawa na macho ya Kashata.

"Mbona unachafua shati, mwanangu?"

"Ukimpiga kutoka juu unapata kisogo na masikio. Nyamaza, Bibi."

Akasogea karibu. Akazungusha lenzi polepole. Ukungu, ukungu, ukungu, halafu jicho likatokea, safi, na ndani yake mlango mdogo unang'aa. Sharubu zikahesabika. Lakini Kashata akasinzia, kichwa kikaanguka.

Sange hakumwita. Hakupiga makofi. Alingoja tu, pua inamwasha, hajikuni. Bi Kobe akaona, akanyoosha ukucha, akakwaruza sakafu vile alivyozoea jioni wakati wa samaki. Kwaru, kwaru. Kashata akainua kichwa, masikio yote mawili yakasimama.

Sange akabana pumzi. Kacha!

Ikafika siku ya baraza. Ikatundikwa ya Fisi. Akapita Nungunungu.

"Unamwona nani hapa?"

"Naona gunia la makaa."

Akapita Ngiri. "Poleni jamani! Duka la nani hili limeungua?"

Ikatundikwa ya Bi Kobe. Akapita Kanga na ndoo yake, hata hakungoja swali.

"He! Kashata huyu! Juzi tu kanifukuzia watoto! Mwone alivyokaa, mwizi wa samaki!"

Watu wakacheka. Fisi akaruka juu. "Nimehujumiwa! Mrija huyu kaniharibia!"

Mzee Tembo akauliza, "Nani alisema baiskeli iingie?"

"Mimi."

"Nani alisema jua liingie?"

"...Mimi."

"Nani alikuwa anatafuna?"

Fisi akashika njia, mkia katikati ya miguu, kring, kring, akaisukuma baiskeli yake mpaka nyumbani.

Kashata akarudi kwa Bi Kobe, akala samaki, akazeeka, akafa kwa uzee juu ya gamba lilelile. Makobe wanaishi sana, mnajua. Bi Kobe yupo mpaka leo. Asubuhi huitoa ile picha sandukuni, imeshakuwa ya kahawia pembeni, akaiweka mlangoni penye mwanga, akakaa nayo mpaka ubaridi uishe.

Funzo la hadithi hii, watoto wangu: mwaminini mpiga picha. Ni mtu asiye na hila yoyote. Hufanya analoambiwa, basi.

Nimeutua mzigo, kichwa changu chepesi. Atakayeubeba aubebe, atakayesema si kweli aende akamuulize Fisi.