Siku Mninga Alipoachia Majani

Haya, sogeeni, na anayetafuna karanga atafune taratibu, maana habari hii ina usingizi ndani yake.

Zamani hizo hapakuwa na mti uliojua kupukutisha jani. Masika yakija, jani jipya lilichipua kando ya jani kuukuu, na lile kuukuu likabaki palepale, limekauka na kutobolewa na wadudu. Katika miti yote ya pori hili, mchoyo wa majani alikuwa Mninga. Upepo ukivuma, yeye alikaza matawi kama mtu anayeng'ang'ania kanga yake isipeperuke. Aliogopa jambo moja tu, kusimama uchi mbele ya wenzake.

Basi mwaka mmoja kiangazi kikaja na hasira. Mizizi ya Mninga ikahangaika huko chini, ikaambulia tone la maji, na majani yote yale yakaligombania. Akaanza kukauka kutoka ncha za matawi. Alijua kabisa kuwa anakufa, maskini, na bado hakuachia hata moja.

Adhuhuri moja akapita mama mmoja, Kalunde, amejitwika mtungi wa asali. Binti yake alikuwa amejifungua kijiji cha pili, na kwa desturi ya kwao asali ya mzazi haikutuliwa njiani. Aliyeitua aliitwa mvivu mpaka wajukuu zake wakaota mvi. Kwa hiyo mama wa watu alisimama kivulini mwa Mninga na mtungi kichwani, shingo imekakamaa, anapumzika wima. Hebu fikirieni, kupumzika wima! Mtungi ukayumba, akaudaka. Ukayumba tena.

Hapo Kalunde akaanza kujicheka mwenyewe. "Nikianguka nao," akasema, "mwanangu atakunywa uji mtupu. Bora nitue, waniseme watakavyo."

Akautua. Akaweka ngata ya kichwani pembeni, akanyoosha miguu, akashusha pumzi ndefu. Akaimba kidogo, kisha akalala fofofo, na akakoroma bila haya yoyote.

Mninga alimtazama asiamini. Mtungi ulikuwa mzima, asali haikumwagika, na yule mama alionekana mwenye raha kuliko kiumbe chochote porini. Mninga akamwonea wivu, tena wivu mkali. Akalegeza kitawi kimoja. Jani likachomoka, likazungukazunguka, likatua tumboni kwa Kalunde. Hakuna mti uliocheka. Akaachia la pili, na kumbe ni raha jamani! Ndipo akaachia yote, mpaka yule mama akaamka amefunikwa gubigubi.

"Pole, mwenzangu," akauambia mti huku akijipangusa. "Kumbe nawe ulikuwa umechoka."

Akajitwika mtungi wake, akaenda zake akiimba njia nzima.

Mninga alibaki uchi, jua linampiga, na lile tone la maji likamtosha. Mvua zilipokaribia, matawi yale matupu yakatoa kitu ambacho hakuwahi kukiona mwilini mwake. Yalitoa maua, manjano tele, na nyuki wakamjia makundi kwa makundi. Alifurahi mpaka akatetemeka.

Na tangu siku hiyo mninga hupukutika kila kiangazi bila kuombwa, kisha huchanua kabla ya kuvaa tena. Na asali ya mzazi hutuliwa chini yake, mbebaji akalala. Ikichelewa kufika, mzazi hana wasiwasi. Humwambia mtoto anyamaze kidogo, bibi yake anakoroma mahali.