Hodi Ilipopigwa Marufuku

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba, milango na majirani wambeya kama sisi, paliondokea mwizi katika mji wa Vichakani. Tena si mwizi wa mchezo! Huyu aliiba sufuria jikoni, na mchuzi ndani yake. Unageuka kuchukua chumvi, ukirudi mafiga yako yanakutazama tu.

"Yarabi, kunde zangu!" alilia Bi Pundamilia.

"Na sufuria yangu ya arusi!" alilia Bi Ngiri.

Mfalme Simba akakasirika. Akatoka na msafara wake, mbiu inalia buu! buu!, akapita mtaa kwa mtaa. Alikuwa na sauti kubwa, na wenye sauti kubwa, wanangu, hupenda dawa kubwa.

"Kuanzia leo," akanguruma, "milango yote ing'olewe! Na hodi ni marufuku. Askari wangu watavaa kitambaa chekundu shingoni. Mwenye kitambaa ataingia nyumba yoyote, wakati wowote, bila kuuliza. Asiye na la kuficha, anaogopa nini?"

"Aishi Simba!" wanyama wakashangilia. Msiwacheke. Aliyelala njaa huku mchuzi wake unaliwa na mwingine hukubali lolote.

Mmoja tu hakushangilia, naye ni Bi Digidigi. Alikuwa mdogo, miguu yake kama vijiti vya kuchokonolea meno, lakini akili yake haikulala. Ndani alikuwa na mtoto mchanga ambaye hajatoka arobaini. Mnajua desturi: mzazi na mwanawe hukaa ndani mpaka arobaini itimie, na mtoto haonyeshwi ovyo.

Akachomoza pua dirishani. "Mfalme, mwizi namwogopa kama wenzangu. Lakini pasipo hodi, nitajuaje nani anaingia?"

"Utaona kitambaa, mama," akajibu Simba, akapita zake.

Milango ikang'olewa, kwacha! kwacha! Na siku ileile, Bi Digidigi akiwa anamwogesha mtoto, akasikia tindi! tindi! tindi! Mkuu wa askari, Kifaru, huyo ameshaingia chumbani. Mama akamnyakua mtoto, na mguu mmoja wa Kifaru ukakanyaga beseni, krach!

"Afande Kifaru! Nina kanga moja tu mwilini!"

"Usijali, Bi Digidigi. Macho yangu yenyewe hayaoni vizuri."

Akaingiza pembe ndani ya sufuria, akanusa. "Kunde. Hakuna mwizi hapa." Akatoka na kunde zikimning'inia puani.

Bi Digidigi alilia. Hakulilia beseni, alilia kwa kuwa nyumba yake haikuwa yake tena.

Na wizi, je, ulikwisha? Thubutu! Ulizidi.

Kesho yake adhuhuri akaingia mwingine, shingoni kitambaa chekundu.

"Ukaguzi!"

Bi Digidigi akamtazama. Mabega juu, kiuno chini, mate yanadondoka. Askari gani huyu? Alikuwa Fisi! Akafika kwenye sufuria, halafu akageukia kitanda cha mtoto. Akanusa mara mbili.

"Hii-hii-hii! Kanona huyu."

Moyo wa mama ukapiga pa! pa! pa! Lakini usoni alitabasamu.

"Karibu, afande. Umekuja wakati mzuri. Afande Kifaru yuko hapo uani anakunywa maji. Ngoja nimwite mkague pamoja."

"Kifaru? Aa! Mimi... nina nyumba nyingi leo." Fisi akachomoka mbio, vuu! Sufuria hakuisahau.

Bi Digidigi akamwita mama yake aliyekaa nyumba ya pili, akamwachia mtoto, akakimbia kwa Kifaru mwenyewe.

"Alikuwa na kitambaa?" akauliza Kifaru.

"Alikuwa nacho, lakini ni Fisi!"

"Mwenye kitambaa ni askari. Na askari haibi. Rudi nyumbani, mzazi, upepo huu si mzuri kwako."

Bi Digidigi akarudi, lakini hakwenda kulala. Alijua Fisi atarudi, na safari hiyo hatafuata kunde. Akachukua kanga yake nyekundu, akakata upindo, akajifunga shingoni. Akashika njia ya ikulu.

Mlangoni alisimama Kifaru. Aliona kitu kidogo chekundu kinakuja.

"Ukaguzi!" akasema Bi Digidigi kwa sauti nzito.

"Pita, afande!" akasema Kifaru, akapiga saluti.

Sebuleni akapita. Ukumbini akapita. Akaingia mpaka chumba cha ndani kabisa, na huko, wanangu, hebu zibeni midomo msicheke. Mfalme Simba alikuwa amekaa kigodani, manyoya yake ya shingoni yamepakwa hina mbichi, yamefungwa majani ya mgomba. Kumbe yalikwisha kuwa meupe zamani! Na mkewe alikuwa anamtoa chawa nyuma ya sikio.

"Tulia, bwana, huyu mkubwa!" alikuwa akisema Bi Simba.

"Ukaguzi!"

"Ala!" Simba akaruka, jani likadondoka, hina ikamtiririka puani. "Wewe! Umeingiaje humu bila hodi?"

Simba mwenyewe alisikia alichokisema.

"Hodi ni marufuku, Mfalme," akasema Bi Digidigi taratibu. "Na asiye na la kuficha, anaogopa nini?"

Bi Simba akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Simba alitaka kunguruma, lakini hina ilikuwa imemfika mdomoni. Akajifuta, akainamisha kichwa.

"Nimeaibika, mama," akasema. "Sasa mwizi tutamkamataje?"

Bi Digidigi akamsogelea, akamnong'oneza sikioni, lile lililokwisha kutolewa chawa.

Asubuhi yake Simba akawaita askari peke yao. "Kila mtakapokwenda, pigeni hodi, msubiri muitikiwe. Na msimwambie yeyote."

Adhuhuri Bi Digidigi akapika kunde kwa nazi katika sufuria ya kuazima, akafunua kifuniko. Harufu ikasambaa mtaa mzima. Nyuma ya pazia akamficha Kifaru.

"Lakini mimi sioni vizuri," akalalamika Kifaru.

"Huhitaji macho, afande. Tega sikio tu."

Nyayo zikasikika. "Hodi! Hodi!" Alikuwa Nyani, askari wa zamu.

"Leo hapana, mtoto amelala!" akajibu Bi Digidigi. Nyani akaenda zake. Kifaru akatulia.

Nyayo zikasikika tena, cha, cha, cha. Zikafika kizingitini. Hodi haikusikika. Zikaingia moja kwa moja, zikaelekea kitandani kwa mtoto.

"Huyo!" akapiga kelele Bi Digidigi.

Kifaru akatoka na pazia lake kichwani. Pu! Fisi akapaa, akatua uani. Puu! Akarushwa tena, kitambaa huku, Fisi kule, akaukimbia mji akilia, "Uwii! Uwii!" Nyumbani kwake zikakutwa sufuria zimejaa mpaka darini, na ya arusi ya Bi Ngiri ikiwemo.

Milango ikarudishwa. Askari waliendelea kuzunguka, maana wezi hawakosekani duniani, lakini hawakuingia kwa mtu bila kuitikiwa.

Na arobaini ilipotimia, mgeni wa kwanza kuja kumwona mtoto alikuwa Simba, shingo inang'aa kwa hina. Akasimama nje ya kile kimlango kidogo.

"Hodi?"

Ndani, Bi Digidigi alikuwa ananyonyesha. Hakufanya haraka. Mtoto akashiba, akacheua, akafutwa mdomo. Mfalme wa nyika alisubiri pale juani, mkia chini, mpaka sauti ndogo ilipojibu, "Karibu."

Anayeng'oa mlango wa jirani ili amkamate mwizi, amemfungulia mwizi njia.