Nyati na Matofali Mabichi

Nani hapa anabisha? Aseme sasa hivi, maana akibisha katikati nitamtoa nje. Nasema hivi: Nyati, na mwili wote ule, aliwahi kuangushwa na Pimbi, mnyama anayeenea kwenye kapu la nyanya. Huamini? Vizuri. Mimi shule niliiacha darasa la tano, lakini hili nalijua kuliko mwalimu wenu.

Hapo zamani za kale, kabla bibi yangu hajajua kusengenya, wanyama walikuwa na kiwanda cha matofali ya kuchoma. Mwenye kiwanda alikuwa Mzee Tembo. Alikuwa na shughuli nyingine nyingi huko na huko, kwa hiyo pale alimweka Nyati awe msimamizi.

Nyati alikuwa msimamizi wa sauti. Basi. Asubuhi anawangurumia wafanyakazi kama Simba. Mzee Tembo akija, anaongea laini kama njiwa. Na kabla Mzee hajafika, Nyati anachovya magoti kwenye tope, aonekane alikuwa anakanyaga udongo na wenzake.

"Pole na kazi, Nyati," Mzee anasema.

"Tumeshazoea, Mzee," Nyati anajibu, tope likimdondoka, do, do, do.

Siku moja Mzee akatuma salamu: Ijumaa ya wiki ijayo nakuja kuona kazi. Nyati akataka Mzee akute mzigo umeiva, umepangwa, unameremeta. Tatizo ni moja: matofali yalikuwa na siku tatu tu tangu yafyatuliwe.

Hata wewe unayechezea tope nyuma ya nyumba unajua, tofali bichi haliingii motoni. Linakaa kivulini wiki mbili, likauke mpaka moyoni. Ukilichoma bichi, maji ya ndani yanachemka na tofali linapasuka.

"Pakieni tanuri!" akanguruma Nyati.

Kobe, fundi wa kufyatua, akatoa shingo. "Bosi, haya bado mabichi."

"Nani msimamizi hapa?"

"Wewe, bosi. Lakini bado mabichi."

"Na mimi nasema pakieni!"

Yakapakiwa. Moto ukawashwa. Mara ndani ya tanuri, pa! Papa! Paaa! Lilipopoa wakalifungua, na halikutoka tofali hata moja lisilo na ufa.

Nyati akayatazama. Akatazama huku. Akatazama kule. Halafu akatazama chini, ndipo akamwona Kobe.

"Ni huyu!" akasema. "Kafyatua vibaya. Mzee akija Ijumaa, namfukuzisha kazi, na nyumba ya kiwanda anaiacha siku hiyo hiyo."

Usiniambie Kobe ana nyumba mgongoni. Ana mke na watoto kumi na mmoja. Utawabana wapi?

Mke wa Kobe akaanza kufunga vyungu. Hakulia. Alifunga tu, kimoja kimoja, na Pimbi, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, akawa anasikia kila kamba inavyokazwa, kwii, kwii.

Alhamisi Pimbi akamfuata Nyati kivulini.

"Shikamoo bosi. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya sifa zako kwenda kwa Kobe."

Nyati akaacha kutafuna. "Sifa gani?"

"Kumbe hujasikia! Wajenzi wa siku hizi hawataki tofali laini, bosi. Wanataka lenye ufa. Plasta inashika vizuri kwenye ufa. Mzee anakuja kesho kumtafuta aliyebuni. Na wewe umeshatangaza ni Kobe."

"Nimetangaza mimi?"

"Mara tatu. Kwa ile sauti ya Simba."

"Mungu wangu," akasema Nyati kwa sauti yake mwenyewe, ambayo wengi walikuwa hawajawahi kuisikia. Ilikuwa nyembamba.

"Ningekuwa wewe," akasema Pimbi, "nisingengoja niulizwe."

Ijumaa Mzee Tembo akafika, gudu, gudu, gudu. Akakuta matofali. Akayazunguka. Wafanyakazi wote wamejipanga, Kobe mbele, mkewe nyuma yake na vyungu vyake vimefungwa.

"Haya ni kazi ya na..."

"Yangu, Mzee!" Nyati akaruka mbele.

"Yako?"

"Yangu peke yangu! Niliamuru yaingie tanurini na siku tatu tu!"

"Siku tatu," akasema Mzee.

"Tatu! Kobe alipinga. Alisema bado mabichi. Nikamfokea."

"Ulimfokea."

"Sana, Mzee! Wote ni mashahidi. Semeni, sikumfokea?"

"Ulimfokea, bosi," wakaitikia wote. Ilikuwa mara ya kwanza wanamjibu kwa moyo mmoja.

"Na wewe uliyagusa kabla hayajaingia?"

"Hata moja! Kiongozi haoni kwa mikono, Mzee, anaona mbali."

Mzee akaokota tofali moja kwa mkonga. Akaliachia. Puu! Likawa vumbi na vipande viwili vya aibu. Nyati akamtafuta Pimbi kwa macho. Pimbi alikuwa anatazama mawingu.

"Nyati," akasema Mzee taratibu, "shuka shimoni ukakanyage udongo. Hayo mabega yako yatatufaa. Kobe, kuanzia leo msimamizi ni wewe."

"Mzee, mimi sina sauti," akasema Kobe.

"Ulikuwa nayo ile siku ya tanuri."

Mke wa Kobe akaanza kufungua vyungu, na Nyati akashuka shimoni. Safari hii tope likampanda mpaka mbavuni.

Funzo mlichukue: mkubwa wa kazi ni yule mwenye neno moja, bosi awepo asiwepo.

Haya, mmepiga makofi, mnamsifu Pimbi. Hapo ndipo huwa nasimama, maana hadithi inakaa vizuri. Lakini kuna kipande nimekiruka.

Siku Nyati aliposema pakieni, Kobe hakubeba hata tofali moja. Unajua nani alibeba mengi kuliko wote? Pimbi. Huku anakimbia na kusema, "Bosi umeona mbali! Bosi, huna mfano!"

Na Kobe alipopewa usimamizi, Pimbi alimwendea kifua mbele, akitaka awe msaidizi wake. Kobe akamwuliza swali moja tu: "Ile siku nasema bado mabichi, ungesema na wewe, tungekuwa wangapi?"

Pimbi akachukua ndoo akaenda kuteka maji ya kukandia udongo.

Nimekiruka kipande hicho kila mara ninaposimulia, kwa sababu mimi nampenda Pimbi, na ningekuwa pale ningebeba kuliko yeye.