Mgeni wa Bwana Mbaruku

Bwana Mbaruku, tajiri bahili, alipotaka kusafiri alimkabidhi jirani yake Sikudhani kuku wake wote: kuchi, vishingo na machotara.

"Uwalishe, lakini yai langu usiguse!"

"Siligusi, bwana. Na mgeni akipiga hodi kwako?"

"Mchinjie kuku. Nisije nikaaibika."

Aliporudi, alikuta banda limejaa mayai, kuku hakuna.

"Kuku wangu wako wapi?"

"Nimemchinjia mgeni wako, bwana. Alikuja kila siku."

"Mgeni gani huyo?"

"Mimi. Nilipiga hodi kwako, nikajikaribisha. Mgeni akakataa kula, mwenyeji nikamsihi, usije ukaaibika."

Mbaruku alitweta. "Mgeni siku mbili! Ya tatu hukumpa jembe?"

"Nilimpa. Ndilo alilochimbia shimo la manyoya."